Vita vya Benchi la Mlimani

Kusanyikeni, enyi mliowahi kupanda mlima mkihema kwa kinywa! Mwenye sufuria jikoni aiepue, mwenye simu aizime, mwenye mtoto ampakate. Kwa maana haya nisemayo hayakuchongwa katika jiwe wala kupigwa katika shaba, na mimi nikiyanyamazia, vizazi vitakuja, vitalikalia benchi lile na kula karanga juu yake, visijue ni damu ya nani iliyomwagika ili wao wakae.

Katika mtaa wa maghala makuukuu, uliokuwa ukibomolewa upande huu na kujengwa upande ule, hata mwenyeji akatoka asubuhi kwa njia moja na jioni asiione tena, alikuwako mwanamke mpanga bustani wa halmashauri ya mji, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Risasi. Hakuitwa hivyo kwa ajili ya bunduki. Aliitwa kwa ajili ya kalamu ya risasi aliyoichomeka nyuma ya sikio mchana kutwa, na ambayo mara nyingine alilala nayo, akaamka na mistari shavuni.

Yeye ndiye aliyechora bustani ya bwawa palipokuwa na kiwanda cha sabuni. Yeye ndiye aliyewaza njia ya miguu kutoka bwawani, kupanda mlima, hadi majengo mapya ya juu. Lakini nyumbani mwake alikuwamo shangazi yake, aliyemlea tangu jino la kwanza, naye Shangazi hakuwa na furaha.

Kwa maana kabla ya tingatinga kuja, Shangazi na shoga yake fundi cherehani waliishi ukuta kwa ukuta. Aliyetaka chumvi aligonga ukuta. Aliyetaka umbea aligonga kwa nguvu zaidi. Ukuta ulipobomolewa, Shangazi alihamishiwa bondeni, shoga yake mlimani, na tangu siku ile walizungumza kwa simu, wote wawili kwa pamoja, hakuna aliyemsikia mwenzake.

"Hiyo bustani yenu," Shangazi aliuliza asubuhi moja, akilikanda goti lake, "itakuwa na bwawa?"

"Itakuwa nalo, Shangazi."

"Na bata?"

"Bata watakuja wenyewe."

"Haya. Bata watafika. Mimi kwa shoga yangu mlimani sifiki." Akalikanda goti tena. "Ningepata pa kukaa katikati ya mlima, hata kwa dakika mbili tu, ningefika. Lakini nani anayemuuliza mtu mwenye goti?"

Bi Risasi akaweka kikombe chini. Moyo wake ukawaka kama jiko lililopepewa, akaapa mbele ya birika na mbele ya vijiko vyote kwamba mlima ule utapata benchi, ama yeye ataivua kalamu sikioni milele.

Basi ikafika siku ya baraza kuu, katika chumba cha mikutano chenye feni moja iliyozunguka kwa hiari yake. Juu ya meza ulilala mtaa mzima, umetengenezwa kwa kadibodi: miti ya sponji, bwawa la kioo, na kando ya bwawa vidoti vyekundu, kila kidoti benchi moja. Mlimani hapakuwa na kidoti. Na kalamu pekee ya wino mwekundu ilikuwa imefungwa kwa kifungo katika mfuko wa shati la adui.

Adui huyo ni nani? Ni Mhandisi wa Barabara, Mnyoosha Njia, Mchukia Kona, bwana wa rula ndefu. Akasimama, akakohoa, feni ikasita kumsikiliza.

"Enyi watu wa ofisi hii!" akanguruma. "Njia imeumbwa ipitwe! Ukiiwekea kiti katikati, umeitukana. Leo watataka benchi, kesho mto wa kuegemea, keshokutwa watahamia na magodoro! Mimi nimenyoosha makutano, nimenyoosha mitaro, nimeinyoosha hata korido hii mnayopitia kwenda chooni. Sitapindishwa na mtu mmoja!"

"Ewe Mnyoosha Njia," akajibu Bi Risasi, naye akiinuka, "umenyoosha kila kitu isipokuwa goti la shangazi yangu. Nipe kalamu nyekundu!"

"Sikupi."

"Nipe kwa hisani!"

"Hata kwa hisani."

Ndipo shujaa akanyoosha mkono, akaitwaa stepla. Akaibana, ikatema pini moja ndogo, akaisimamisha kwa miguu yake miwili juu ya mlima wa kadibodi. Na tazama, lilikuwa benchi, tena zuri, la kumtosha sisimizi na mkewe.

Mhandisi akaling'oa. Bi Risasi akapanda jingine. Mhandisi akaling'oa nalo. Stepla ikalia ka-ka-ka, pini zikaruka huku na huku kama mvua ya mishale, miti ya sponji ikalala chini kwa vishindo, na Bwana Miche, mtaalamu wa miti, mtu wa amani, akajificha nyuma ya pazia na biskuti zake. Hata Mhandisi, kwa pupa ya ushindi, akaibana pini moja upande usiobanwa, ikamwingia gumbani hadi karibu na ukucha.

"Mamaaa!" akalia bwana wa rula.

Tone moja la damu likadondoka katikati ya mlima. Likatulia pale, duara, jekundu, limekamilika.

Saa ileile mlango ukafunguliwa, akaingia Mkurugenzi, mtu mkubwa mwenye macho hafifu, aliyeionea haya miwani yake hata akaiacha kwenye gari. Ndiye wa kutia sahihi, na sahihi ile ikishatiwa hapatabadilishwa kitu.

"Nina haraka," akasema, akiinamia mlima hadi pua ikakaribia kugusa. "Njia naiona. Na hiki chekundu hapa katikati ni nini?"

Mhandisi akaficha gumba mgongoni.

"Mkurugenzi," akasema Bi Risasi kwa sauti ya asali, "mwenye njia ni Mhandisi. Yeye ndiye anayejua kimefikaje hapo."

Lo! Ni mizani gani iliyowahi kupima mambo mazito hivi? Upande mmoja njia iliyonyooka. Upande wa pili mwanamume mzima, mwenye cheti ukutani, akieleza kwamba amejeruhiwa na pini na kumwita mama yake. Jasho likamtiririka.

"Ni... ni benchi," akasema.

"Pamefaa sana. Mbona linang'aa?"

"Rangi haijakauka, Mkurugenzi," akadakia Bi Risasi.

"Lina mgongo wa kuegemea?"

Mhandisi akafumba macho. "Lina mgongo."

Sahihi ikatiwa. Bwana Miche akatoka nyuma ya pazia akipiga makofi. Naye Bi Risasi, kwa kuwa shujaa wa kweli hamcheki aliyeanguka, akaleta plasta akamfunga adui yake gumba.

"Goti lipi?" Mhandisi akauliza, akitazama pembeni.

"La kulia."

"Mama yangu ni la kushoto." Akafikiri kihandisi. "Tukiwaunganisha, tunapata mtu mmoja mzima."

Mvua zikapita, njia ikajengwa. Asubuhi ya kwanza Shangazi akaukabili mlima, amevaa viatu vya kufunga, mkoba begani, akipiga hatua na kuusema mlima maneno ambayo mwandishi mwenye adabu hayaandiki. Akafika kwenye benchi, akaketi. Na kutoka juu akashuka fundi cherehani kinyumenyume, kwa kuwa magoti yake yalikataa kushuka kwa mbele, akajitupa kando yake.

"Umechelewa," alisema Shangazi.

"Wewe umewahi. Na umenenepa."

"Ni sweta."

Wakashikana mikono, wakalia kidogo, wakapangusana, kisha wakaanza umbea wa miezi mingi bila kupumzika. Bi Risasi, aliyewafuata kwa nyuma huku machozi yakimlenga, akasogea na kusema, "Shangazi, nisogezeeni mkoba kidogo, nami nikae."

Shangazi akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe una magoti. Simama."

Akasimama. Na iandikwe hivyo: kwamba tangu watu walipoanza kusimama duniani, hajasimama mtu kwa utukufu kama ule.