Maneno Mawili kwa Kamati ya Mishahara

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa insha ametangaza darasani: kamati ya bunge inapokea maoni ya wananchi kuhusu mabadiliko ya sheria ya usawa wa mishahara. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Yeyote anaweza kuandika. Hata sisi! Kamusi, msichana wa dawati la mbele ambaye hajawahi kukosa neno, akasema ataandika kurasa kumi. Nikasema na mimi nitaandika. Darasa likacheka. Nimeandika majina ya waliocheka.

Jioni nimemuuliza Mama. Yeye na Mama Mkubwa ni madobi wa hospitali. Bega lake la kulia siku hizi halimruhusu hata kusuka nywele. Alinieleza huku akilikanda. Sheria ya sasa inawaruhusu kulinganisha kazi yao na ya wanaume wa bohari, ambao hubeba uzito uleule na kulipwa zaidi. Wameshapeleka madai. Muswada ukipita, madai yanafutwa. Watalinganishwa na wanaume wa kazi ileile tu. Na chumba cha kufulia hakina mwanamume hata mmoja. Mama Mkubwa akauliza, sasa tujilinganishe na pasi?

Nimeamua. Nitaokoa madai.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika kurasa nne. Mwalimu amezirudisha zikiwa nyekundu. Neno lisilofanya kazi, asema, lifukuzwe. Nikabakiza ukurasa mmoja. Akasema bado una mafuta. Nikabakiza mistari mitano. Akatabasamu! Nadhani ni mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Kamusi ana sahihi thelathini. Ameniambia kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Karatasi hupotea maofisini. Shuka halipotei.

Baada ya shule nikaenda chumba cha kufulia. Mvuke, kelele, sakafu inayoteleza. Mama Mkubwa aliniombea kwa msimamizi shuka moja bovu, lililokwisha kuondolewa wodini. Wakaweka sahihi kwa wino wa kutilia alama mashuka. Haufutiki hata kwa maji ya moto. Nikaona hilo ni jambo zuri.

Walisaini wote arobaini na mmoja. Kwa herufi kubwa mno. Mmoja alichora ndoo. Ikabaki nafasi ya kiganja kimoja juu, na mistari yangu mitano haikuenea. Sikubabaika. Nilifukuza maneno mpaka yakabaki mawili:

MISHAHARA SAWA

Nikasoma mara tatu. Hakuna la kufukuza. Mama akauliza kama hayo ndiyo yote. Nikamwambia ndivyo watu wanavyoandika siku hizi. Akasema haya, wewe ndiye uliyesoma.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekamatwa getini! Shuka lina muhuri: MALI YA HOSPITALI. Mlinzi alilikunjua lote, akasoma, akatikisa kichwa. Akasema afadhali nyinyi, wengine kutwa kulalamika. Akaniachia. Sikuelewa, lakini nilishukuru.

Karani wa kamati alitafuta faili la kulitosha. Hakuna. Akalikunja, akaligonga muhuri mwingine. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama Kamusi na kurasa zake kumi. Nilimwonea huruma.

Ijumaa, 8 Machi

Redio, wakati wa chai. Mtangazaji amesema maoni mengi yanapinga muswada. Ila madobi arobaini na mmoja wa hospitali wametuma shuka kuieleza kamati kwamba mishahara yao ni sawa, haina tatizo.

Mama akazima redio.

Mama Mkubwa aliingia bila hodi. Mishahara sawa, eeh? Na bega sawa! Na mgongo sawa! Wanaume wa bohari wameshampigia simu kumpongeza kwa moyo wa kuridhika.

Nilitaka kueleza kuhusu nafasi ya kiganja. Mama akasogeza daftari langu, akasema andika. Nikaandika. Kwamba shuka bichi lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwamba wao huinua mashuka hayo kutwa nzima, wanaume wa bohari huinua maboksi, na mgongo haujui tofauti. Kwamba wanalipwa kidogo kuliko hao wa bohari, na kwenye chumba cha kufulia hawana mwanamume wa kujilinganisha naye, kwa hiyo wasifungiwe mlango wa kujilinganisha na wa nje. Nilijaribu kufuta “kutwa nzima”. Akaweka kidole juu yake. “Usinifukuzie neno hata moja, mwanangu.”

Sikwenda shule. Saa sita, wakati wa mapumziko, wote wakasaini tena, kwenye karatasi safari hii. Wa ndoo akachora ndoo. Tukafika kwa karani saa kumi kasoro dakika sita, Mama akihema, bado na aproni. Karani akasoma yote, polepole. Akauliza: basi lile shuka tulifute, na maelezo haya ndiyo yako sawa?

Mama akafungua mdomo. Akaufunga.

Akasema, “Ndiyo.”

Jumatatu, 11 Machi

Barua! Kamati inamwita Mama akaeleze mwenyewe, wiki ijayo. Amepiga pasi gauni lake la kijani mara mbili. Mama Mkubwa anamfanyisha mazoezi ya kusema “kutwa nzima” bila kutetemeka.

Mimi nimelichunguza kosa langu kwa utulivu. Lilikuwa moja tu: niliacha alama ya mshangao.

Kwa bahati nzuri, mwalimu mkuu anapokea maoni kuhusu shule. Wavulana wana vyoo vinne, sisi viwili, na idadi yetu ni ileile. Nilianza na kurasa sita. Zilikuwa na mafuta. Sasa yamebaki maneno mawili, na mshangao nimeweka mara mbili ili asiwepo wa kukosea:

VYOO SAWA!!

Nimemwomba Mama Mkubwa shuka jingine. Bado hajajibu.