Pua ya Bwana Harusi

Jumatatu, 9 Oktoba 2006
Jumamosi nachagua mke. Mchumba wangu anaitwa Wangu, na nilishamchagua zamani, lakini kwao Dagoretti sharti nimchague tena mbele ya wazee, akiwa amefunikwa shuka kichwa hadi vidole pamoja na dada zake. Wote kimo kimoja. Hawaruhusiwi kusema neno. Babake amesema asiyemjua mkewe hafai kupewa. Alisema akicheka, ila mimi sikuona mzaha.

Nina mpango. Wangu hupaka mafuta ya nazi. Nitamnusa. Kasoro ni pua: tangu mijakaranda ichanue, imeziba kama sinki ya ploti yetu ya kupanga Ngara.

Nimepitia duka la dawa Westlands. Mwongeli, muuzaji, akasema huo ni mzio wa maua. Nimeze tembe za kuzuia chafya, vitamini C moja kwa siku, na mazoezi mepesi ndani ya nyumba. Tembe za chafya nimezikataa. Zinaleta usingizi, na mimi nina kazi.

Jumanne, 10 Oktoba
Sikukuu. Kisilu, ninayeishi naye, kanishauri nimwombe Wangu anifinye kidole nikipita. Nikamwambia huo ni wizi.

Ndani ya nyumba hakuna hewa. Nimekwenda kukimbia Karen, kwenye hewa safi ya matajiri. Kumbe leo matajiri wote wanakata nyasi. Nimepiga chafya hadi askari wa geti moja akaniletea maji na kuniuliza kama nimefiwa.

Jumatano, 11 Oktoba
Vitamini moja kwa siku ni ya watu wenye muda. Nimetafuna kiganja kizima.

Alhamisi, 12 Oktoba
Tumbo. Bosi wangu Debra aliuliza kama nimehamishia ofisi chooni.

Ijumaa, 13 Oktoba
Wangu amepiga simu. Anaogopa. Mchumba wa binamu yake Janice alimchagua shangazi aliyekuwa chini ya shuka, na mpaka leo harusi haijafanyika. Akauliza kama kweli nitamjua. Nikasema bila shaka. Nilipokata simu nikakaa kitandani. Nampenda huyu mwanamke. Nikimkosa sijui nitarudi vipi hapa Ngara.

Nimetafuna vitamini zilizobaki.

Jumamosi, 14 Oktoba
Walisimama kwenye mstari, shuka tupu. Wazee wakaniashiria nianze. Nikainamia wa kwanza, nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Wa pili, hakuna kitu. Kwa wa tatu vumbi la shuka likanipanda, nikapiga chafya mfululizo hadi machozi. Shangazi mmoja akasema kwa Kikuyu huyu ni mgonjwa, arudishwe kwao.

Hapo mkono ukatoka chini ya shuka hiyo ya tatu, umeshika kitambaa. Sauti ndogo ikasema pole, pumua polepole. Nikapokea, nikafuta pua, nikavuta pumzi tena. Nazi! Nikatangaza: ni huyu.

Shuka ikafunuliwa. Wangu, analia. Shangazi wakapiga ngemi, vigelegele vya Kikuyu. Babake akanishika mkono na hakuuachilia upesi.

Jumapili, 15 Oktoba
Wangu ameuliza nilimjuaje. Nikamweleza kila kitu: mazoezi, vitamini, mafuta ya nazi. Akasema jana dada zake walimwogesha kwa sabuni ya kufulia na kumkataza kupaka chochote, ili nisimnuse. Akauliza kama sikuisikia sauti yake ilipomponyoka.

Basi hizo vitamini zina nguvu kuliko nilivyodhani. Kesho nanunua mkebe mkubwa.