Mwekezaji wa Kibandani

Jumatatu, 3 Machi

Wametutia alama! Nimefungua kibanda asubuhi, nimepanga mashine ya kunyolea, wembe na chupa ya spiriti. Kugeuka, naona X nyekundu mlangoni, rangi bado inachuruzika. Nimeigusa kuhakikisha. Halafu nikajishika kiunoni kwa hasira. Sasa hata suruali ina X.

Mtaa mzima una X. Ghala kuukuu nyuma yetu limeshavunjwa, linajengwa jengo la ghorofa, vioo juu mpaka chini, na vibanda vyetu vimekaa mbele yake vinawaharibia sura. Vitabomolewa. Kibanda changu! Humu nimenyoa tangu mimi mwenyewe sijaota ndevu. Wanangu wanakula, wanavaa na kwenda shule kwa kibanda hiki. Nimeogopa, sitaficha.

Mke wangu amesema jioni kuna mkutano na kampuni inayojenga. Nimeuliza mwenyekiti nani. Gundi! Fundi viatu wa mkabala, ambaye hatuivi naye tangu alipolisogeza benchi lake kwenye kivuli changu. Mtu anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwa utosini. Nikae chini nimsikilize Gundi akikohoa kabla ya kila neno? Thubutu! Nimesema kichwa kinaniuma. Nimelala na viatu.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu jana karudi mkutanoni amechangamka kupita kiasi. Asubuhi akaanza kunieleza kwamba kampuni imekubaliana na wenyeji, kwamba wanaotakiwa ni watu wa hapa hapa, kwamba vyumba vya chini… Nikamkatisha. Nimemwambia mimi si mtu wa kuelezwa mambo na waliotoka kwenye mkutano wa Gundi. Akasema haya, baba watoto, usije ukasema hukuambiwa. Amenuna. Chai ya jioni imekuja bila sukari.

Nimetumia akili yangu mwenyewe. Jengo la vioo. Watakaa humo nani? Watu wa vioo! Wanaonukia, wenye simu mbili. Siyo kinyozi wa kibanda cha mabati mwenye kioo chenye ufa. Wakinijua ni mwenyeji nimekwisha. Dawa ni moja tu: nisiwe mwenyeji.

Nimecheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Jumatano, 5 Machi

Kazi imeanza. Bango langu lenye vichwa vilivyochorwa, lile linalopendwa na mtaa mzima, nimeligeuza. Nyuma nimeandika kwa rangi nyeusi: STUDIO YA NYWELE (TAWI). Mke wangu akauliza tawi la wapi. Nimemwambia tawi ni tawi. Akauliza shina liko wapi. Huyu mwanamke ana maswali!

Suti nimeazima kwa shemeji yangu. Shemeji ni mfupi. Nikiinua mkono, koti lote linapanda. Nimeamua kwamba wawekezaji hawainui mikono.

Miwani ya jua nimeiokota mwaka jana, ina kioo kimoja. Kingine nimepaka kiwi ya viatu. Kiwi nimeiomba kwa Gundi, bila kumwambia ya nini. Amenipa. Mjinga!

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja dada wa kampuni! Kofia ngumu ya manjano, kamba ya kupimia, mwendo wa haraka. Nilikuwa nimesimama nje ya Studio, mikono chini. Nimemsalimia kwa sauti ya puani. Nikamwambia ndiyo kwanza nimefika kutoka ng'ambo, natafuta pa kuwekeza. Akauliza ng'ambo ipi. Nikasema huko huko.

Akaniamini kabisa! Nikaona nikoleze. Nikamgeukia Gundi, aliyekuwa anapiga misumari kwenye kisigino, nikamwuliza eti samahani, mzee wangu, bomba la maji mtaani kwenu liko upande gani? Bomba ambalo mimi na yeye tumeligombania miaka nenda miaka rudi!

Gundi alisimamisha nyundo. Akanitazama kuanzia kwenye kile kioo cha kiwi hadi kwenye soksi, maana suruali ya shemeji inaishia pale. Dada akamwuliza kama ananifahamu. Gundi akakohoa. Akasema hapana. Hajawahi kuniona maishani mwake. Akasema na sura yenyewe si ya watu wa hapa.

Lo! Sikutegemea kama Gundi angenisaidia. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu amesema Gundi alikuwa na macho mekundu jioni nzima, kama mtu aliyetukanwa. Nimesema ni moshi.

Jumapili, 9 Machi

Suti imenibana kwapa. Sina la kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeula wa chuya!

Dada karudi na habari njema kwa wote. Amesimama katikati ya njia akatangaza: vyumba vya chini, vinavyotazama barabarani, ni vya waliokuwa wanafanya kazi mtaani hapa tangu mwanzo. Kwa kodi ile ile wanayolipa sasa! Na mabenchi yanabaki nje, kwa sababu wenyeji walikataa katakata kuwekewa vyungu vya maua mahali pa kukaa. Na bomba linabaki la wote. Gundi ndiye aliyeyadai hayo yote mkutanoni, eti alikohoa mpaka kampuni ikasalimu amri.

Muuza mkaa kapata chumba. Fundi redio kapata. Gundi kapata cha kona! Mimi nikanyoosha mkono, koti likapanda. Dada akatabasamu akaniambia kaka, wewe ni mwekezaji mgeni, wageni ni ghorofa ya tatu. Akanitajia na kodi ya ghorofa ya tatu. Nimeomba maji ya kunywa.

Nimemlalamikia mke wangu kwamba hakuniambia. Alikuwa anakata kitunguu, na alikikata muda mrefu sana.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata njia! Nimevua suti, nimevaa koti langu la kinyozi lenye madoa, nimeligeuza bango vichwa vikarudi mbele. Dada alipopita nikamsalimia kwa sauti yangu halisi. Akashangaa, akasema lakini kaka, wewe si yule mwekezaji? Nikacheka kwa dharau kidogo. Nikamwambia yule ni pacha wangu, kaja kunitembelea, ana majivuno huyo, usimsikilize.

Dada akafurahi! Akasema basi nimwite pacha, tusimame wote wawili pamoja, tumalize utata.

Nimemwambia asubiri. Nimekimbia nyuma ya magunia ya muuza mkaa, nimevaa suti, nimetokea upande wa pili, nimemsalimia kwa pua. Akamwulizia pacha. Nikasema kaenda kuniita. Nikarudi nyuma ya magunia. Nikavaa koti. Nikatoka. Akamwulizia yule wa suti. Nikarudi. Safari ile gunia likapasuka.

Nimetokea mweusi tii kuanzia nywele mpaka viatu, nusu suti, nusu koti, miwani shingoni. Mtaa mzima ulikuwa umeshakusanyika. Muuza mkaa alicheka mpaka akakaa chini juu ya mkaa wake. Mke wangu hakucheka. Aliniangalia tu, kisha akamwambia dada kwa upole kwamba pacha wote wawili ni waume zake.

Dada hakukasirika, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Amesema kesho kuna kuthibitishana: kila mtu atasimama mbele ya majirani, na majirani waseme kama wanamjua. Mimi pia nisimame. Wakisema wananijua, nina chumba. Wakinyamaza, kibanda kinavunjwa na X yake.

Nimeoga mara tatu. Mkaa hautoki masikioni. Usingizi hauji. Nawatazama watoto walivyolala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, nami nimeshikwa na hofu ya kweli.

Jumatano, 12 Machi

Nimesimama. Dada akauliza nani anamjua huyu. Kimya! Kila mmoja anamtazama Gundi, kwa kuwa Gundi ndiye mwenyekiti, na Gundi ndiye aliyesema hajawahi kuniona. Naye anatazama viatu vya watu, tabia yake. Nilitaka kusema neno la busara. Ikatoka ng'o tu, wala sijui nilitaka kusema nini.

Gundi akakohoa. Akainuka. Akaivua kofia ya sufu.

Mungu wangu! Juu ya sikio la kushoto pana njia imepita, haina unywele hata mmoja, pana kama kidole gumba, imekwenda moja kwa moja hadi kisogoni. Kazi yangu. Niliifanya siku ya kuamkia harusi ya binti yake, umeme uliporuka na mashine ikaniponyoka. Nywele hazikuota tena. Kumbe ndiyo sababu ya kofia! Hakuwahi kumwambia mtu. Mimi nilidhani ni mafua.

Akasema kichwa hiki kimekuwa na alama hii miaka yote, na aliyeitia ni huyu hapa. Muuza mkaa naye akainamisha kichwa, akaonyesha kovu nyuma ya shingo. Fundi redio akakunja sikio, akaonyesha lake. Wakasimama mmoja mmoja, vichwa chini, dada anapita na kuchungulia kila kisogo. Mwisho akasema mgeni hawezi kuharibu vichwa vingi namna hii. Nimepewa chumba! Ukuta mmoja na Gundi.

Nimelia. Mbele za watu. Mke wangu akanipa upindo wa kanga nifute uso, ukatoka na mkaa.

Jioni nimekwenda kumshukuru Gundi. Nimemwuliza kwa nini, na mimi nilijifanya simjui. Akasema ilimuuma sana, ilimuuma kuliko wembe. Lakini akifikiria kukaa kwenye jengo la vioo bila mtu wa kugombana naye, anaona heri mimi. Nimemwomba msamaha, kwa mdomo wangu. Tukakaa benchi moja. Nikamwambia kwa ihsani hii nitamnyoa bure maisha yake yote. Akavaa kofia haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimebadilika. Sitadanganya tena kuhusu nilipotoka. Mwenyeji ni mwenyeji, na awe mkweli, ndivyo nilivyomwambia mke wangu asubuhi, naye akanitilia sukari kwenye chai.

Mchana muuza mkaa kaleta habari. Mtaa wa pili, kule kwenye karakana za mbao, kampuni nyingine inajenga! Jengo refu kuliko letu! Na huko pia vyumba vya chini ni vya waliokuwepo tangu mwanzo!

Sasa fikiria. Mtu ana chumba hapa. Akipata na kule, hilo si ndilo tawi hasa? Bango nilishaliandika, rangi haijapotea. Nimepata fulana iliyochakaa, kiti cha miguu mitatu, na nimejifunza majina ya mafundi mbao wote wa pale pamoja na ya mama zao. Suti sitaki kuiona. Mwenyeji havai suti, hilo wamenifunza.

Nimemwomba Gundi aje aseme tulikua pamoja kule. Kaniangalia. Akaishika kofia yake kwa mikono miwili, akasema hanijui. Anatania.

Mke wangu asiambiwe. Kesho asubuhi na mapema nahamia kule tangu utotoni.