Macho ya Ng'ombe wa Mahari Yarudishwe

Awindiri, Arua
11 Mei 1994

Kwa Daktari Ezati,
Mkubwa wa Maabara ya Pamoja ya Macho, Arua.

Ndugu Daktari,

Nakusalimu. Mimi ni Nyanya Candiru, mjane wa sajini, yule anayekuja kwako kila Alhamisi kutiwa dawa jicho la kushoto. Shule niliachia darasa la tatu, Kiswahili nilikipata kambini, kwa hiyo usitafute makosa hapa. Tafuta macho ya ng'ombe wangu.

Jumamosi tulichinja ng'ombe wa mahari ya mjukuu wangu Draku, anayetaka kumwoa Suzan wa Koboko. Tulichinja kwa Umaru wa machinjioni, kwa sababu wakwe wengine ni Waislamu. Kichwa, kwa desturi yetu, kinapelekwa kwa nyanya wa msichana kikiwa kizima. Kumbe asubuhi ile mtu wako Onzima alipita na ndoo yake ya barafu, kama anavyopita siku zote kukusanya macho ya maabara, akang'oa yote mawili. Umaru akamwachia tu, kwa mazoea. Kichwa kikafika Koboko na mashimo. Santina, nyanya wa Suzan, akakirudisha kwa gari lilelile na maneno haya: "Mwambieni Candiru nimempa msichana anayeona, yeye ananiletea ng'ombe kipofu." Harusi imesimama. Draku hali chakula.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimwuliza Onzima macho yako wapi. Akanieleza kwa adabu kwamba maabara ni ya pamoja. Mtafiti wa upofu wa mto, wa trakoma na wa mtoto wa jicho, wote hadubini yao iko moja, friji iko moja, na jicho likiingia wanagawana. Huyu kioo cha mbele, huyu maji, huyu ngozi ya nyuma. Sawa. Mimi nimeishi na wake wenzangu watatu, jiko moja. Tuligawana sufuria, tukagawana hata mume. Lakini kitu cha jirani hatukugawana bila kumwuliza jirani.

2. Ng'ombe huyo alikuwa anaona vizuri kabisa. Mgonjwa ni mimi. Mimi mnanitia dawa na kunirudisha nyumbani na jicho langu bovu, mzima ndiye mnamng'oa. Hiyo elimu ilianzia wapi?

3. Anayekula kichwa cha mahari ni mtu wa upande wa bibi harusi. Ninyi mmekula macho. Usiniambie hamkula: Onzima amekiri kwamba mliyakata vipande mkayatia kwenye maji ya chumvi. Huko ni kupika. Basi ninyi ni wakwe zangu.

4. Mimi na mkwe hatutazamani usoni. Sasa Alhamisi utanimulikaje? Nimefikiri sana. Wewe utakaa chumba cha pili, unipe mgongo, ushike tochi. Onzima alibeba ndoo, naye ni mkwe, asimame nje. Dawa nitajitia mwenyewe, na hali ya jicho nitakuambia kwa sauti kupitia mlangoni, wewe andika.

5. Mkwe analima. Mihogo yangu imezidiwa na majani. Watafiti wote watatu waje na jembe moja, maana kugawana wamezoea.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, macho yarudishwe kabla ya Jumamosi. Yakiwa vipande, leteni vipande, nitashona. Usipoyaleta, Suzan ataolewa na mwuza mafuta wa Koboko, na mjukuu wangu utamlisha wewe.

Msalimie mke wako na watoto. Wasalimie wagonjwa wote wa benchi, hata yule mama wa Ediofe anayejifanya haoni foleni.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu zake,
Nyanya Candiru

N.B. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa, Draku ameingia kutoka Koboko anacheka peke yake. Santina amesikia kwamba macho ya mahari ya Suzan yanasomwa Arua na wasomi watatu. Sasa anazunguka soko zima akitangaza. Harusi ipo, lakini anataka kichwa kingine, na kisije na macho. Kichwa chenye macho, anasema, kinatoka kwa watu wasiojulikana. Jumamosi tunachinja dume la mjomba wa Draku. Onzima aje mapema, na ndoo iwe kubwa: shangazi za Suzan wanauliza kama masikio pia mnasoma.