Nyanya Turubali na Maneno ya Kompyuta

Jumatatu, 5 Juni 1978

Nimeamua. Kile chumba cha nyuma ya posta kitakuwa changu. Kina mlango. Kina komeo! Kina meza, kiti, na nafasi chini ya meza ya kumlaza mtoto kwenye mkeka. Adhuhuri nafunga komeo, nalala kama waziri.

Bwana Japheth wa chuo cha Nairobi ametueleza tena, mimi na Rosebella wa Malaba. Huko kwao kuna kompyuta, mashine kubwa kama zizi la ng'ombe. Inasoma maandishi ya watu, na ikikuta neno isilolijua inaliwekea nyota, kumaanisha umekosea. Lakini yenyewe haijui lolote. Hata maji haijui mpaka iambiwe! Ndiyo maana sisi tunaiandikia maneno ya Kiswahili, kila neno na kadi yake. Masharti: neno liwe linatumika kweli, lisirudiwe, na majina ya watu hayaingii. Jumamosi atalinganisha. Mwenye kadi nyingi safi atakuwa mtunza maneno wa upande huu wote wa mpaka, na apewe chumba.

Rosebella amesema yuko tayari kuhamia hapa Busia hata kesho. Alisema akiangalia blauzi yangu iliyolowa maziwa. Yeye hana mtoto. Kadi zake zinajaza katoni ya sabuni. Zangu zinacheza ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo.

Tutaona.

Jumanne, 6 Juni

Mbinu! Malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda yamepanga foleni mpaka karibu na kwetu. Taniboi, wale wasaidizi wa madereva, wamelala chini yake bila kazi, midomo imejaa maneno. Nikapika sufuria ya uji, nikatangaza: neno moja, kikombe kimoja.

Yakamiminika! Jeki. Springi. Difu. Spana. Turubali. Rosebella na kitabu chake cha nyimbo za kanisa atapata wapi difu, kile chuma cha katikati ya ekseli? Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Shida ni Protus, taniboi wa lori la chumvi. Alileta breki, akanywa. Akarudi na breki. Nikamwambia mimi si mjinga, hiyo umeshaileta. Akasema aa, mama, ile ilikuwa ya mbele, hii ni ya nyuma. Akanywa. Akarudi na ya mkono.

Uji umekwisha. Unga wa kesho pia. Vitalis, mume wangu, ametoka kazini kwa ajenti wa forodha akauliza kuna nini cha kula. Nikamwonyesha kadi. Hakupendezwa.

Jumatano, 7 Juni

Mtoto amelia tangu asubuhi. Si homa, si tumbo. Namwimbia, analia. Namnyonyesha, ananyonya huku analia, sijui anawezaje. Nikamwambia haya mama, lia, mimi nina kazi. Nikamfunga mgongoni, nikaanza kusoma kadi kwa sauti ili nitoe zilizorudiwa. Jeki: analia. Springi: analia. Turubali: kimya!

Nikageuza shingo. Anatabasamu! Nikajaribu difu: kilio. Turubali: kimya. Mungu ni mwema! Nikazunguka chumba nikiimba turubali, turubali, turubali wangu.

Kumbe Mama Benedetta, mama mkwe, amesimama mlangoni na kikapu cha samaki wa Osieko, mkono mdomoni. Huku kwetu mtoto akilia bila sababu ni marehemu wa ukoo anadai jina lake. Wanaitwa marehemu mmoja mmoja, na atakayemnyamazisha mtoto ndiye. Sisi huyu tulimwita Nafula, kwa kuwa alikuja na mvua, bila kuuliza mtu. Mama akaniuliza polepole, kama yuko kanisani, Turubali ni nyanya yupi.

Hapo ningesema ni la lori. Lakini Mama alikuwa ameshanyoosha mikono. Akasema lazima mtoto azungushwe kwa jamaa zote apokelewe upya, aletwe nyumbani kunyonya tu. Mgongo wangu mtupu! Mikono yangu miwili yote yangu!

Nikasema labda wazee wanajua.

Alhamisi, 8 Juni

Raha! Mtoto analetwa, ananyonya, anaondoka. Nimeandika mpaka kidole kimevimba. Kopo limejaa, nimehamia kwenye ndoo.

Jioni Mama amerudi anang'aa. Mzee Zephaniah, ndugu ya marehemu baba mkwe, ametoka Rukala kuja kumwona mtoto, na Turubali anamkumbuka vizuri! Nyanya wa nyanya yake. Mwanamke mpana, mchoyo wa chumvi. Watu wote wakatikisa vichwa: kweli, chumvi alikuwa hatoi. Mzee Zephaniah hajawahi kukubali kwamba kuna mtu wa ukoo asiyemjua. Jumamosi kuku atachinjwa hapa kwangu.

Kuku wangu.

Rosebella alikuja mjini, akanipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. "Mama Turubali! Nyinyi siku hizi hamnyeshewi!" Akacheka mpaka sokoni. Mdomo huo. Acha Jumamosi ifike.

Jumamosi, 10 Juni



Bwana Japheth na Rosebella walifika supu ikichemka. Ndoo yangu ilizidi katoni yake, tena mbali! Nilitaka kupiga vigelegele. Bwana Japheth akaanza kupitia kadi. Akafika turubali. Rosebella akakohoa, akamuuliza Mama kwa adabu nyingi, mtoto mzuri hivi anaitwa nani. Mama akajibu kwa fahari. Bwana Japheth akashusha miwani. Jina la mtu. Kadi chini.

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba turubali ni la kufunikia mzigo wa lori, na mtoto wangu ni Nafula, alizaliwa Nafula, atazeeka Nafula. Nikamchukua nikamkumbatia. Nikadhani Mzee Zephaniah ataona aibu. Wapi! Akasema sawasawa, binti yangu, lori ndilo lililoiga. Yule nyanya akisimama mlangoni nyumba nzima haipati mvua. Malori yalipoletwa, watu wakatafuta jina la kile kifuniko, wakamkumbuka.

Bwana Japheth akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu akasoma kadi iliyofuata kwa sauti. Jeki.

Mzee akaruka. Jeki! Mjomba wake! Aliinua fahali kwa bega. Kadi chini. Springi: aliolewa, akarudi, akaolewa tena, akarudi. Kadi chini. Difu: mafuriko ya mto Nzoia yalimtoa nyumbani kila mwaka na akakataa kuhama. Kadi chini! Nikamnong'oneza Mama amnyamazishe. Mama alikuwa anamlilia Difu. Nikampa mzee paja la kuku ajaze mdomo. Akatafuna huku anakumbuka. Spana alikuwa pacha.

Ndoo ikaisha. Ikabaki breki. Mzee akasema huyo hamjui, labda ni wa watu wa Chakol, si wa kwetu.

Rosebella amepewa ufunguo.

Jumatatu, 12 Juni

Adhuhuri nimepita nyuma ya posta. Komeo limefungwa. Ndani mtu anakoroma! Nimekaa kwenye ngazi na Nafula, tukalia pamoja kidogo. Yeye akaacha kwanza. Akaniangalia. Hapo hapo likanijia!

Bwana Japheth atarudi mwisho wa mwezi kukagua katoni ya Rosebella. Nimekimbia stendi, nimemkuta Mzee Zephaniah mguu mmoja ndani ya basi la Rukala. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba kuna jamaa zake wengi wamefungiwa kwenye katoni nyuma ya posta, na hakuna hata mtu mmoja wa kuwatambua. Maskini alishuka na mizigo yake yote.

Atakaa kwetu mpaka siku hiyo. Nimempa kitanda, maana ni mzee na ana mgongo. Mimi, Vitalis na mtoto tutalala jikoni, karibu na mbuzi. Ni wiki chache tu; kadi zake zikiisha, mimi bado nina breki. Baada ya hapo nitalala, jamani! Nitalala!