Kiinitete cha Kwanza Kijijini Litapunga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyepata udhuru, mheshimiwa mwakilishi wake ambaye bado yuko Inyonga, waheshimiwa wa meza kuu kwa vyeo vyenu na kwa viti vyenu, viongozi wa dini, na nyie wafugaji mliosimama juani kwa uzalendo, itifaki imezingatiwa! (Makofi, meza kuu.)

Mimi, Mratibu Mkuu wa Programu Shirikishi ya Viinitete Bora vya Ng'ombe, natamka kwamba enzi za kubahatisha mimba zimekwisha, kwa sababu kiinitete cha siku saba kikilazwa maabara huachia protini kwenye majimaji yake, nasi kwa biomaka za kidijitali, yaani viashiria vya uhai, tunazipima, tunajua kipi kizima na kipi kitaharibika, tunapandikiza kilicho kizima tu, na hadi leo hakuna hata kimoja kilichotuharibikia! (Vigelegele.) Ushahidi ni ng'ombe huyu wa Mama Natalia, niliyemfunga utepe hapa mbele.

(Natalia: "Mheshimiwa, anazaa! Mguu mmoja umetangulia, mwingine umekunjika ndani. Atanifia, na sina mwingine!")

Mama, tulia, ratiba inaonesha atazaa saa nane kamili, baada ya picha ya pamoja. Daktari Damiano wa mifugo, kaa chini, leo wewe ni mshereheshaji. Kwa mujibu wa takwimu nilizoziandaa mwenyewe jana, ifikapo mwakani maziwa yatapanda kwa asilimia mia nne, na Mpanda nzima itaoga... (Damiano anaruka meza, anakunja mikono ya shati, anaunyoosha mguu wa ndama, anavuta.) Mnaona mtaalamu anavyotekeleza agizo langu!

(Ndama anatoka, anapiga chafya. Natalia anamkumbatia Damiano huku analia. Mzee Respicius, jirani yake: "Paji jeupe hilo ni la fahali wangu! Si aliruka ua tukivuna mahindi?" Kicheko kirefu.)

Viinitete bora, oyee! (Wafugaji wanamsogelea ndama.) Protini, juu! (Mbuzi analia.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru Mama Natalia kwa kutuazima ng'ombe aliyekuwa na mimba tayari, Mzee Respicius kwa fahali aliyejitolea bila kuitwa kikaoni, shule yetu kwa hadubini isiyo na lenzi, na Sista Agatha kwa friji ya soda tuliyoiandika "Maabara". Kila mtu achukue chake, maana picha hizi zikitoka vizuri, Jumatatu naanza kuandika barua ya kuuomba huo mradi.