Ng'ombe wa Nne Yuko Kwenye Kisahani

Nabuyonga, Mbale
Agosti 1996

Mheshimiwa Daktari,
Maabara ya Viinitete vya Ng'ombe, Jinja

Pokea heshima zangu kabla ya malalamiko yangu. Mimi ni Geresom, askari magereza mstaafu, baba yake Shallon, ambaye kijana wako wa maabara, Norman wa Buwenge, anataka kumwoa. Ng'ombe watatu wa mahari nimewapokea. Wa nne, ambaye ni wa shangazi, Norman anasema yuko kwako kwenye kisahani cha kioo. Ndiyo sababu nakuandikia.

1. Kwetu ng'ombe wa mahari hukaguliwa kabla ya kupokelewa. Basi tukaja Jinja, wazee wazima, tukainamia hadubini kwa zamu. Dada yangu Betty, shangazi mwenyewe, aliona kiduara tu, akauliza kichwa kiko upande gani. Norman akamwomba shangazi avumilie.

2. Kiinitete cha kwanza kilikufa. Norman anasema kiligawanyika mara chache kikakwama, kwa kuwa maji mliyokilelea hayakuwa na asidi amino za kutosha, yaani yale matofali ya kujengea nyama. Afande Daktari, sisi hata mahabusu tuliwapa maharage.

3. Sasa mna kiinitete cha pili, na asidi hizo mmeziongeza. Lakini nasikia zikikaa sana hutoa amonia, na mlaji anadhurika, kwa hiyo maji lazima yabadilishwe. Nani anayabadilisha Jumapili, wakati Norman yuko kwangu anakunywa chai na kumchekesha binti yangu? Naomba apangiwe zamu kila Jumapili. Jumamosi pia, na sikukuu zote.

4. Hata huyo wa kisahani akinusurika, atapandikizwa kwa ng'ombe mwingine, abebwe miezi tisa, halafu labda azaliwe dume. Bila ng'ombe wa nne Shallon hatoki hapa. Kwa hiyo nadai lishe iongezwe maradufu, na ndama afike Mbale kabla ya Krismasi, akitembea mwenyewe.

Wasalimie wafanyakazi wote, mama watoto, na ng'ombe atakayebeba mimba hiyo.

Mimi mkwe mtarajiwa wa maabara yako,
Geresom

Nyongeza: Betty alishamsamehe Norman ng'ombe wake. Mimi ndiye niliyekataa. Tangu mama yake afariki, Shallon peke yake ndiye anayeongea ndani ya nyumba hii. Tafadhali, Daktari, hiyo lishe usiiongeze.